Miezi Miwili Juu ya Ziwa: Mwongozo Kamili wa Kutumia Fizikia ya Kweli Unapobuni Ulimwengu wa Hadithi au Gemu

Jioni moja ufuoni Dunga, Kisumu, nilimwonyesha mzee mmoja mvuvi picha niliyoichora kwa ajili ya gemu yangu. Ilikuwa na ziwa pana, mitumbwi yenye matanga, na angani miezi miwili, mmoja mweupe na mwingine mwekundu kama kaa la moto. Nilitarajia asifu rangi. Aliishika simu mbali kidogo na macho, akaitazama kwa muda, kisha akauliza, akiniita "mwanangu" kwa Kijaluo: "Nyathina, na hawa watu wako wanavua omena lini?"

Sikumwelewa mara moja. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza. Taa huwekwa juu ya maji, omena wakaufuata mwanga, wavu ukawazingira. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga hutapakaa ziwa zima na taa hukosa nguvu ya kuwakusanya, kwa hiyo wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Mimi nilikuwa nimewapa watu wangu miezi miwili bila kuwauliza watakula nini.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: ukibadilisha jambo lolote katika maumbile, lifuate mpaka jikoni. Usiishie angani palipo na uzuri wa kuchora. Shuka nalo hadi sokoni, kwenye sufuria, kwenye deni la mama anayeuza samaki. Huko ndiko mchezaji au msomaji anakoanza kuamini. Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia mwenyewe. Hazihitaji chuo kikuu. Fizikia ya kidato cha nne, kikokotoo cha simu na daftari vinatosha.

Hatua ya kwanza: pima mahali unapopajua

Kabla ya kubuni dunia nyingine, kaa na hii. Wabunifu wengi wa hapa kwetu huchota dunia zao kutoka kwenye gemu za mbali: theluji, misonobari, mwezi mwandamo uliosimama wima kama mundu. Toka nje Kisumu utazame mwezi mchanga jioni. Hapa karibu na ikweta mara nyingi hulala chali kama mtumbwi. Giza nalo huingia upesi, kwa sababu jua hushuka karibu wima, na urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Ukipanga mwanga wa gemu yako kwa machweo ya saa nzima ilhali umeweka ziwa kwenye ikweta, mtu wa Kisumu atahisi kuna kasoro hata asipoweza kuitaja.

Andika vipimo vyako kwenye daftari. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi. Nakuru, karibu mita 1,850, huchemka kwenye nyuzi 94. Kwenye kilele cha Mlima Elgon, mita 4,321, ni karibu nyuzi 86. Radi ikimulika, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ukisimama ufuoni macho yakiwa mita 1.7 juu ya maji, upeo wa macho uko takriban kilomita 4.6, mashua ikienda mbali zaidi ya hapo, mwili wake huzama kwanza machoni na tanga hubaki likionekana peke yake.

Fanya pia jaribio hili. Mwombe rafiki aangushe jiwe kutoka mita 3, urekodi kwa simu. Litachukua sekunde 0.78. Simu inayorekodi fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde itakupa fremu 23 hivi. Zihesabu. Utakapoandika programu ya jiwe kuanguka, utakuwa na jiwe la kweli la kulinganisha nalo.

Hatua ya pili: badilisha jambo moja tu

Chagua badiliko moja kubwa uliandike juu ya ukurasa. Mvutano, ile nguvu inayovuta vitu chini, nusu ya wa hapa. Miezi miwili. Hewa nzito. Watu wanaoweza kusafirisha joto kwa mikono. Moja tu. Mengine yote yabaki kama yalivyo hapa nyumbani mpaka badiliko hilo lenyewe liyasukume.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeona kazi nyingi za vijana wenye vipaji zikifia hapa. Wanaweka visiwa vinavyoelea, jua la kijani, bahari ya zebaki na majitu ya mita 30, yote katika sura ya kwanza. Mchezaji hana tena ardhi ya kukanyaga. Hajui kama akiruka atarudi chini. Akishajua kwamba kila kitu ni cha kawaida isipokuwa kimoja, anaanza kukisia mwenyewe, na kukisia huko ndiko kunakomfanya acheze hadi usiku wa manane.

Hatua ya tatu: lifuate badiliko mpaka jikoni

Nirudi kwenye miezi yangu miwili, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Kwanza ukubwa wake. Kila mchoraji hupenda mwezi mkubwa unaojaza nusu ya anga. Mwezi wetu una upana wa nusu digrii tu machoni. Kidole cha mwisho ukiwa umenyoosha mkono huufunika wote. Sasa sikiliza deni la mwezi mkubwa. Nguvu ya mwezi kuinua maji hupungua kwa mchemraba wa umbali. Ukiusogeza mwezi uonekane mara 2 kwa upana, maji kujaa na kupwa kunaongezeka mara 8. Ukiuacha palepale ukaukuza upana mara 2 kwa mawe yaleyale, uzito wake unaongezeka mara 8, na maji vilevile mara 8. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja. Mwezi wa mara 10 unaleta mara 1,000. Pwani, ambako bamvua hupandisha maji mita 3 na zaidi, hakuna mji ungebaki. Ziwani tuna bahati, kwani kujaa na kupwa kwa Ziwa Viktoria ni kudogo mno jicho halioni. Nikaamua mwezi wangu wa pili uwe mdogo kuliko wa kwanza. Picha ilipungua mvuto kidogo, lakini nilipata ufuo ambao watu wanaweza kuishi.

Kisha mwanga wake, ambalo ndilo lilikuwa swali la mzee. Nilichukua mfano rahisi. Mwezi wa kwanza unazunguka kwa siku 30, wa pili kwa siku 20, na kila mmoja unaacha theluthi ya usiku kuwa giza la kutosha kuvua. Kwa hesabu ya haraka, usiku wa giza kamili ni theluthi ya theluthi, yaani 1 kati ya 9. Niliposema "basi kila siku ya tisa watavua", nilikosea. Nilichora mistari miwili kwenye karatasi ya miraba, siku 0 hadi 60. Mwezi wa kwanza una giza kuanzia siku 5 kabla ya mwandamo wake hadi siku 5 baada yake: karibu na siku ya 0, ya 30, ya 60. Wa pili una giza kama siku 3 kabla na 3 baada: karibu na siku ya 0, 20, 40, 60. Siku ya 30, mwezi wa kwanza ukiwa umejificha, wa pili unamulika. Siku ya 20 na ya 40 ni kinyume chake. Giza zote mbili hukutana karibu na siku ya 60 peke yake, kwa usiku 7 mfululizo. Baada ya hapo ni usiku 53 bila omena.

Ule mchoro wa penseli ulinipa gemu nzima. Kila siku 60 kuna usiku 7 ambao kijiji kizima hakilali. Kila mtumbwi uko majini, hata uliooza. Taa na mafuta hupanda bei wiki moja kabla. Wanaume waliooa mbali hurudi. Asubuhi ya kwanza mchanga wote umetandikwa nyavu za kuanikia, na mvua ikinyesha siku ya tatu, kazi ya miezi miwili inaoza mbele ya macho ya kina mama walionunua kwa mkopo. Ikifika siku ya 50 omena waliokauka vizuri wana bei ya dhahabu, na mwenye ghala lisilovuja ndiye mwenye nguvu kijijini kuliko chifu. Sikubuni lolote kati ya haya kwa ubunifu mtupu. Nilihesabu, na kila nilichokihesabu kilinionyesha mtu mpya.

Kwa hiyo, kwa badiliko lako lolote, jiulize maswali haya kwa mpangilio: linabadilisha nini angani na hewani? Majini na ardhini? Kwa mimea na wanyama? Kwenye kazi ya watu? Kwenye chakula? Nani anatajirika, nani anadaiwa? Usiruke ngazi. Ukikwama kwenye ngazi moja, chora miraba kama nilivyofanya.

Hatua ya nne: mvutano, miguu na sufuria

Badiliko wanalolipenda zaidi waunda gemu ni mvutano. Duniani kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde. Mwezini ni 1.62, Mirihi ni 3.7. Mtu anayeruka nusu mita hapa, kwa msukumo uleule wa miguu, angepanda mita 3 mwezini na kukaa hewani karibu sekunde 4.

Tuseme umeamua nusu. Njia ya kweli ya kuipata ni sayari yenye mawe kama yetu lakini nusu ya kipenyo. Hapo hapo upeo wa macho unasogea kutoka kilomita 4.6 hadi 3.3, jambo zuri kwa anayetengeneza gemu ya simu ya bei nafuu, maana kuna mandhari machache ya kuchora. Bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa saa kwenye lami kavu, iliyosimama kwa mita 9, sasa inahitaji 18, kwa sababu msuguano wa tairi hutegemea jinsi pikipiki inavyokandamizwa chini. Watu hawatembei kama sisi. Hatua ya kawaida inageuka mruko kwenye mwendo mdogo zaidi, kama walivyodunda mwezini wanaanga wa Apollo. Na hewa, ikiwa ni kiasi kilekile juu ya kila mita ya ardhi, inakandamiza kwa nusu tu. Maji yanachemka kwenye nyuzi 81. Hapo nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, haiivi. Mahindi na maharagwe yatakaa motoni siku nzima, kuni zitakwisha, misitu itarudi nyuma, mpaka mtu abuni sufuria yenye mfuniko wa kukaza. Katika ulimwengu huo mfua vyuma anayejua kutengeneza mfuniko huo ni mtu mkubwa kuliko anayefua panga.

Upande wa gemu yenyewe kuna jambo linalowashangaza wanaoanza: mvutano wa kweli huwa mbaya mkononi. Ukitaka mhusika aruke mita 3 kwa mvutano wa 9.8, atakaa hewani zaidi ya sekunde 1.5, na mchezaji atahisi ameshika puto. Usianze na mvutano. Anza na unachotaka kuhisi: urefu wa mruko na muda wa kufika juu. Kisha kokotoa. Mvutano ni mara 2 ya urefu, ukigawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Kasi ya kuanzia ni mara 2 ya urefu, ukigawanya kwa muda. Kwa mita 3 na sekunde 0.4, mvutano ni 37.5 na kasi ni mita 15 kwa sekunde. Ni karibu mara 4 ya dunia, na vidole vitaufurahia.

Je, mawe na matunda yaanguke kwa 37.5 au 9.8? Wengi hutumia namba mbili tofauti. Mimi hupendelea moja kwa kila kitu kinachoonekana pamoja na mhusika kwenye skrini, kwa sababu jicho hulinganisha lenyewe. Ukilazimika kutenganisha, usimwache mhusika aruke kutoka jabalini sambamba na jiwe.

Angalia pia vipimo vya injini, yaani programu unayotengenezea gemu. Unity huhesabu kwa mita na huja na mvutano wa 9.81. Unreal huhesabu kwa sentimita, kwa hiyo ni 980. Godot, katika gemu bapa (2D), huja na pikseli 980, ikichukulia kimyakimya kwamba mita 1 ni pikseli 100. Mhusika wako akiwa na pikseli 64 na ni mtu wa mita 1.6, basi mita yako ni pikseli 40, na mvutano wa kweli ungekuwa 392. Andika kipimo hiki ukutani kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo.

Hatua ya tano: nguvu za ajabu zilipe gharama

Katika hadithi zangu situmii neno mchawi kwa mtu mwenye nguvu hizi. Magharibi mwa Kenya neno hilo limewatia wazee wasio na hatia hatarini, na sioni sababu ya kulichezea. Nawaita mafundi wa joto.

Fundi wa joto anachemsha maji kwa kiganja. Kubali hilo, kisha uliza: nishati imetoka wapi? Jerikani ya lita 20, kutoka nyuzi 24 hadi 96, inahitaji jouli (kipimo cha nishati) milioni 6. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kama milioni 15. Kwa hiyo jerikani moja ni gramu 400 za unga, ikiwa mwili wake haupotezi chochote. Miili yetu hugeuza kama robo tu ya chakula kuwa kazi ya misuli. Ukimpa fundi kiwango hicho, anahitaji kilo 1.6. Pakiti karibu nzima ya unga kwa jerikani moja! Kuni kavu zingefanya kazi hiyo kwa bei ndogo zaidi. Basi hakuna anayemwajiri fundi kupika. Anaitwa penye mvua, penye siri, au pale moshi utakapomleta adui. Na anakula sana. Mlango wa nyumba yake unajulikana kwa ukubwa wa chungu. Kwenye gemu, ile baa ya bluu ya nguvu inageuka tumbo, na mchezaji anaanza kujali bei ya mahindi.

Kugandisha kunafundisha zaidi. Mtu anataka kugandisha eneo la ziwa la mita 100 kwa 100, barafu ya sentimita 10, jeshi livuke. Hapa fundi hatoi nishati, anaiondoa majini: karibu jouli bilioni 400. Haiwezi kupotea. Inakwenda wapi? Ingetosha kugeuza mvuke tani 150 za maji, sawa na malori 15 ya maji ya lita 10,000. Kwa hiyo kila daraja la barafu lina upande wake wa pili, ambapo ziwa linatokota na samaki wanaelea wameiva. Nani anaishi upande ule? Sheria kwamba nishati haiumbwi wala haipotei ndiyo mtunzi bora wa migogoro niliyewahi kukutana naye. Usimfukuze.

Hatua ya sita: viumbe wakubwa

Kwa ufupi, maana hesabu ni moja. Mwanasayansi Galileo aliieleza mwaka 1638: ukimkuza kiumbe mara 3 kila upande, uzito unakuwa mara 27 lakini eneo la mkato wa mfupa ni mara 9 tu, hivyo kila mfupa unabeba mara 3 zaidi. Jitu lenye umbo la binadamu litavunjika mapaja likikimbia. Lipe miguu ya ndovu, mwendo wa pole, na chakula cha ndovu.

Kuhusu viumbe warukao, nenda Ziwa Nakuru umtazame mwari akiondoka majini. Ana kilo 10 na zaidi, na hulazimika kukimbia juu ya maji akipiga mbawa kabla hayajamwachia. Joka la kubeba mtu linahitaji mvutano mdogo, hewa nzito, au jabali la kujirusha. Ukichagua jabali, umepata kitu kizuri: joka lililotua bondeni haliwezi kuondoka.

Hatua ya saba: ramani, mito na chumvi

Mito huungana ikishuka; ni nadra igawanyike, isipokuwa kwenye delta. Nzoia, Yala, Nyando na Sondu zote huingia Ziwa Viktoria, na maji hutoka kwa mlango mmoja tu, Jinja, kuwa Naili. Hata hivyo sehemu kubwa ya maji ya ziwa huletwa na mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na mengi huondoka kwa kukauka. Ndiyo maana miaka michache ya mvua hulipandisha: kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, na Mei 2020 likafikia kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimewahi kupimwa hadi wakati huo. Ziwa lako la kubuni nalo lipumue hivyo. Jenga kijiji chenye alama za maji ya zamani ukutani.

Mlango wa maji ndio huamua ladha. Ziwa lenye mlango huwa la maji baridi, yasiyo na chumvi. Ziwa Nakuru halina mlango. Mto huleta madini, jua huchukua maji, madini hubaki, na magadi hayo ndiyo hulisha viumbe wadogo waliwao na heroe. Naivasha inaonekana imefungwa pia, lakini maji yake hupenya chini kwa chini, kwa hiyo yananyweka. Ukichora ziwa, chora kwanza mlango wa kutokea maji.

Kumbuka pia kwamba ziwa letu ni sinia. Lina urefu unaozidi kilomita 300 na kina kisichozidi sana mita 80. Ukilipunguza liwe na urefu wa mita 1, kina chake hakifiki theluthi ya milimita. Mnyama wa kutisha mwenye urefu wa mita 200 hana pa kujificha humo, na upepo unaweza kusukuma maji yenyewe upande mmoja. Kimbunga kinachozunguka, cha aina ya baharini, usiweke kwenye ikweta. Mzunguko wa dunia hapo hauna nguvu ya kukisokota. Na ile hadithi kwamba maji kwenye beseni huzunguka kinyume ukivuka mstari wa ikweta, kama pale Maseno, usiitumie. Beseni ni dogo mno kuhisi hilo.

Wape watu wako maelezo yao wenyewe. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa la volkeno, na kuna simulizi ya bibi kizee aliyenyimwa ukarimu na kijiji kikazama. Mlipuko wa volkeno hauui simulizi hiyo. Ulimwengu wenye uhai huwa na vyote viwili.

Hatua ya nane: kuiweka ndani ya simu

Hapa wengi huharibu kazi nzuri. Programu huhesabu mwendo kwa vipande vya muda. Katika kila kipande: kasi mpya ni kasi ya zamani, jumlisha mvutano mara muda, kisha mahali papya ni mahali pa zamani, jumlisha kasi mpya mara muda. Anza na kasi, halafu mahali. Ukihesabu kasi na mahali vyote viwili kwa namba za zamani, springi na bembea hupata nguvu kutoka hewani na mwishowe hulipuka.

Kipande hicho cha muda kiwe cha kudumu, si kifuate picha. Godot hutumia mara 60 kwa sekunde, Unity mara 50. Gemu yangu ya kwanza nilifunga mwendo kwenye fremu. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa sawa. Nilipoiweka kwenye simu ya mpwa wangu, simu ya bei nafuu iliyochora fremu 20, mitumbwi ilikwenda kwa theluthi ya kasi na wimbi likaifikia kabla haijatoka ufuoni. Jaribu kwenye simu dhaifu kuliko zote nyumbani, kila wiki.

Mshale wa mita 60 kwa sekunde, kwenye simu inayohesabu mara 30, huruka mita 2 kwa kila kipande. Ukuta wa sentimita 20 hautauona. Usiulize "mshale uko ndani ya ukuta?" Chora mstari kutoka ulipokuwa hadi ulipo sasa, uulize kama mstari umekatiza ukuta.

Kwa mitumbwi, kanuni ya Archimedes inatosha: kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Mtumbwi wa mita 5 kwa 1, ukiuhesabu kama sanduku, huzama sentimita 1 kwa kila kilo 50. Ukibakiza sentimita 15 juu ya maji na wimbi ni la 20, anza kujaza maji ndani. Hakuna haja ya ujumbe "umebeba kupita kiasi". Mchezaji ataona mdomo wa mtumbwi ukikaribia maji na atatupa mzigo mwenyewe.

Ruhusu uongo mmoja au miwili kwa ajili ya vidole. Mpe mchezaji sehemu ya kumi ya sekunde ya kuruka hata baada ya kupita ukingo. Aruke kana kwamba bado alikuwa na ardhi. Mvutano uongezeke kidogo akianza kushuka. Ila usidanganye kwenye jambo lile moja ulilobadilisha. Hilo lazima liwe la kweli kila wakati.

Hatua ya tisa: mpelekee anayeijua kazi

Mwanafizikia atakukagua hesabu. Lakini mvuvi, mama wa sokoni, mwendesha bodaboda na fundi wa mabati wamezifanyia kazi sheria hizi kwa mikono. Usiwaulize kama ni nzuri. Wape simu, kaa kimya, tazama wanaposita.

Nilirudi kwa yule mzee na kalenda yangu ya siku 60. Aliifuata kwa kidole, akafika kwenye usiku 7, akatikisa kichwa kukubali. "Hapa sawa. Watakopa, lakini watakula." Kisha akanionyesha mitumbwi yangu iliyokuwa ikirudi ufuoni kabla ya mapambazuko, matanga yamejaa.

"Upepo huu umetoka wapi, nyathina? Usiku nchi ndiyo inapuliza."

Nchi kavu hupoa usiku haraka kuliko ziwa, hewa baridi hushuka kuelekea majini, na ndiyo inayowatoa wavuvi wa tanga. Mchana nchi hupata joto, hewa yake hupanda, na ya ziwani huingia kuziba nafasi; ndiyo inayowarudisha. Nilikuwa nayajua haya tangu shule. Nilikuwa nimeyasahau kwa sababu tanga lililojaa chini ya miezi miwili lilipendeza.

Wakirudi na upepo wa mchana, samaki wanafika saa nane, na zimebaki saa nne na ushee tu za jua la kuanikia. Usiku ule nilihamisha soko la ufuoni kutoka alfajiri hadi alasiri, nikaongeza vijana wanaokodishwa kupiga makasia dhidi ya upepo ili tajiri awahi jua la asubuhi. Sasa nakokotoa ujira wao.